Karibi siyo ufukwe tu (Maneno ya nesi, sehemu ya 14)



Leo sina dozi. Hakuna homa, hakuna degedege, hakuna uji wa lishe. Mama aliyeuliza kuhusu mtoto anayekataa kunyonya upande mmoja, jibu lako linakuja Jumatano, nimeshaliandika. Leo nataka tuongee picha. Tena siyo picha za hapa kwetu, ni za mbali kabisa, visiwa vya Bahari ya Karibi: Jamaika, Kuba, Puerto Rico, Saint Vincent. Najua kuna mtu atasema nesi ameishiwa mada. Vumilia, nitakufikisha.

Chuoni tulisoma habari za Mary Seacole. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Vita vya Crimea vilipoanza aliomba kwenda kuhudumia majeruhi pamoja na manesi wa Uingereza, wakamkataa, akajipeleka mwenyewe kwa pesa zake. Mimi huyu mama nampenda. Sasa usiku mmoja zamu imetulia, watoto wodi nzima wamelala (jambo ambalo halitokei mara mbili kwa mwezi), nikataka kuona huko kwao pakoje. Nikashika simu, nikaandika Jamaika.

Jaribu na wewe. Utapata maji ya buluu, mchanga mweupe, mnazi umeinama kuelekea baharini, bembea ya kamba, glasi ya juisi yenye kipande cha nanasi ukingoni. Watu hawapo. Wakiwepo ni wageni wenye miwani ya jua, na mwenyeji mmoja pembeni kabeba trei, anatabasamu. Kisiwa kina watu karibu milioni 3. Wanakaa wapi? Nani anafua? Nani ameamka alfajiri kupanga foleni ya kliniki na mtoto mwenye kifua?

Picha za namna hiyo hazijaanza jana, zina umri kuliko bibi zetu. Mwaka 1891 yalifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa pale Kingston, na kipindi hicho kampuni ya Valentine and Sons ya Dundee, Scotland, ikapiga picha za kisiwa ili ulimwengu ukione na ukitamani. Wenye meli za ndizi nao wakaona njia: meli inayopeleka ndizi Marekani inaweza kurudi na watalii. Basi ikawa ni mwendo wa kadi za posta. Migomba, minazi, mwanamke kasimama wima na kikapu kichwani, punda pembeni. Chini yameandikwa maneno kama "wabeba ndizi" au "mwanamke wa sokoni". Jina lake hakuna.

Kuna mwanahistoria wa sanaa wa Bahamas anaitwa Krista Thompson, mwaka 2006 alitoa kitabu kuhusu hizi picha, An Eye for the Tropics. Jambo moja analolieleza lilinikaa kichwani: kwamba picha zilitangulia, halafu mahali penyewe pakatengenezwa ili pafanane na picha. Watu walipanda, wakasafisha, wakapanga, ili mgeni akishuka melini akute kile kile alichokiona kwenye kadi. Mwenyeji naye akawa sehemu ya mapambo.

Watu wa pwani tusicheke. Mwanzoni mwa karne iliyopita studio za Unguja, ya A. C. Gomes ikiwemo, nazo ziliuza kadi zenye wanawake waliopambwa vizuri, na chini limeandikwa kabila au aina ya mtu. Yule ni bibi wa mtu. Labda ni bibi wa mmoja wenu anayesoma hapa, na hamtajua kamwe.

Kwenye kazi yetu kuna kitu kinachofanana na hicho. Utasikia: "Wa kitanda cha 6 dripu imeisha." Sista mkubwa aliyenifundisha kazi ya wodini hakuvumilia maneno hayo. Ukimwambia "wa kitanda cha 6 anaita" anakujibu, "Kitanda hakizai. Nani anaita?" Unarudi kusoma faili, unakuja na jina. Yule mama alinifundisha kuangalia picha bila yeye kujua.

Sasa ngoja niwaambie zile nilizozipenda.

Mwaka 1941 alifika Puerto Rico mpiga picha anaitwa Jack Delano. Alizaliwa Ukraine mwaka 1914, akahamia Marekani akiwa mtoto. Alikuwa ameajiriwa na idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulika na wakulima maskini, kazi yake ni kupiga picha za maisha yao. Puerto Rico iko chini ya Marekani, kwa hiyo akatumwa huko, na visiwa vya jirani pia. Alipiga watu wakikata miwa, wanawake wakitunga majani ya tumbaku yakauke, watoto wamekaa mlangoni, mitaa, maduka, na pale San Juan mtaa unaoitwa El Fangito, yaani kama unasema Katopeni. Nyumba zimesimama juu ya miti, chini ni tope na maji, unapita juu ya ubao kwenda kwa jirani. Wale mnaokaa mabondeni mvua za masika mnaelewa bila mimi kueleza zaidi.

Kufika hapo ni sawa na wengine wote: kaja, kapiga, kaondoka. Ila huyu alirudi. Mwaka 1946 yeye na mkewe Irene, ambaye alikuwa msanii wa michoro, walihamia Puerto Rico moja kwa moja. Walifanya kazi na idara ya elimu ya jamii ya huko, iliyotengeneza filamu na mabango ya kufundishia watu wa vijijini, pamoja na mambo ya afya. (Irene ndiye aliyesimamia karakana ya mabango. Ningepata mabango ya namna hiyo kwenye ukumbi wetu wa kliniki ningeshukuru, yale tuliyonayo maandishi ni madogo hata mimi siyasomi.) Jack aliishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1997. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa mzee, alibeba kamera akarudi sehemu alizopita akiwa kijana. Picha za zamani na mpya zikawekwa pamoja kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1990, Puerto Rico Mío, maana yake Puerto Rico yangu.

Hapa ndipo nilipowakumbuka ninyi. Si mnaijua kadi ya kliniki? Siku ya kwanza nesi anapima uzito, anaweka nukta. Nukta moja haisemi kitu. Kilo sita ni nzuri au mbaya? Sijui, mpaka nione mwezi uliopita. Nukta ya pili na ya tatu ndizo zinatoa mstari, na mstari ndio unasema mtoto anapanda, amesimama, au anashuka. Ndiyo maana tunagomba mkiruka mwezi. Sasa wapiga picha wengi waliopita visiwani waliweka nukta moja wakaondoka, na ulimwengu ukaamini nukta ile ndiyo maisha yote ya wale watu. Delano aliweka ya pili. Kati ya nukta zake unaona kijiji kinageuka mji, mashamba ya miwa yanapungua, barabara kubwa zinapita. Unaona kwamba maskini wa mwaka 1941 hakuwa "maskini" kama jina la ukoo. Alikuwa mtu katika mwaka mmoja wa maisha yake.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu, na najua siyo wote watakubali: picha ya maisha ya kawaida inapata maana kutokana na muda ambao mpiga picha amempa mtu. Ubora wa kamera ni kitu cha baadaye. Ni sawasawa na mtu anayepita raundi akiangalia mafaili tu na mtu anayevuta kiti akakaa. Wote wameona wagonjwa. Ila mmoja ndiye anajua kwamba yule mama hali kwa sababu ana mawazo ya watoto aliowaacha nyumbani.

Nilimwonyesha mume wangu zile picha za El Fangito. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu wa vitendo. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Sasa hapa uzuri uko wapi? Mtu anakaa kwenye tope, wewe unasema picha nzuri. Ungekuwa wewe ungependa?"

Swali zuri hilo. Sikumjibu siku hiyo. Kweli, kuna watu wanapenda umaskini wa wenzao ukiwa umepigwa vizuri, mwanga wa jioni, mtoto ana macho makubwa, wanaiweka ukutani sebuleni. Hilo na mimi linanikera. Lakini nilirudi kuziangalia zile picha nikaona kitu. Kwenye nyingi ya zile za Delano mtu anakuangalia moja kwa moja. Hajapindishwa aonekane wa kuhurumiwa. Nguo imechakaa, lakini amesimama namna anavyosimama kwake. Uzuri ninaousema ni huo, ule msimamo wa mwenye nyumba. Nikamwambia mume wangu, akasema, "Haya, hapo nimekuelewa nusu." Nusu kwa fundi ni nyingi.

Hata hivyo nisimpambe Delano kupita kiasi. Maelezo ya picha zake nyingi yanasema "mke wa mkulima fulani aliyekopeshwa na idara". Jina la mke halipo. Kitanda cha 6 kimesafiri mpaka Puerto Rico.

Ipo picha nyingine, ya Kuba, na hii nawaomba mama zangu mkiwa na nafasi muitafute. Aliyepiga ni Alberto Korda. Wengi mnamjua bila kujua kwamba mnamjua, maana ndiye aliyepiga ile picha ya Che Guevara mwenye kofia ya nyota, iliyobandikwa kwenye daladala, bajaji na fulana kila mahali. Hiyo aliipiga Machi 1960. Mwaka mmoja kabla, 1959, Korda alikuwa bado anajulikana kama mpiga picha wa mitindo pale Havana, warembo na magauni. Akaenda mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa, vijijini kabisa. Huko akamkuta binti mdogo amekumbatia kipande cha mti. Ni mdoli wake. Hana mdoli mwingine, kwa hiyo kipande cha mti ndiyo mtoto wake, amekibana kifuani kama unavyobana kichanga kinacholia.

Korda mwenyewe alieleza baadaye kwamba ule mkutano ulimbadilisha, akaamua kazi yake iende upande wa mapinduzi yaliyoahidi kuondoa hali ile. Siasa za Kuba siziingii, siyo fani yangu. Mimi nilibaki na mikono ya yule mtoto.

Niambieni, nani hapa hakuwahi kuwa na mdoli wa gunzi? Sisi tulichukua gunzi la mahindi, tukalifunga kitambaa cha khanga kilichochanika, zile nywele za mahindi tukazisuka. Tukalibeba mgongoni. Tukaliogesha likaoza. Tukaliita jina. Hatukuwa tunajiona maskini, tulikuwa mama. Kwa hiyo nikiiangalia ile picha naona vitu viwili kwa pamoja na vyote vinasukumana: naona mtoto aliyekosa, na naona mtoto ambaye kichwa chake kimejaa kiasi cha kugeuza kuni kuwa binadamu. Mtu anayeona la kwanza tu atatoa mchango aende zake. Mtu anayeona la pili tu atasema "watoto wa zamani walikuwa na raha" na hatafanya kitu. Ile picha haikuachii uchague moja. Ndiyo maana naiita sanaa, na zile za ufukwe naziita tangazo.

(Wanaoniuliza kila mara midoli gani inunuliwe kwa ajili ya ukuaji wa ubongo, jibu langu la kitaalamu ni lile lile: cheza naye. Gunzi linatosha.)

Lakini nina neno kuhusu ile picha pia. Yule mtoto hakuulizwa kama anataka uso wake uwakilishe nchi. Mtoto hana namna ya kujibu swali hilo. Na hapa ndipo mada inatoka Kuba inaingia wodini.

Mara kadhaa kwenye maisha yangu ya kazi nimeona wageni wanakuja wodi ya wazazi. Wamevaa fulana zinazofanana, wameleta sabuni, khanga, pedi, maziwa. Vitu vinasaidia, sikatai, kuna mama anaondoka nyumbani na mfuko mmoja tu. Tatizo ni kamera. Mama ametoka kupasuliwa jana, hajachana nywele, titi liko nje ananyonyesha, anaambiwa "mama tukupige picha kidogo" huku mkono mmoja wa mgeni unamkabidhi sabuni na mwingine umeinua simu. Atasemaje? Hapo hakuna kukubali, kuna kushindwa kukataa. Kesho yake uso wake uko mtandaoni na maneno "tumewafikia wahitaji". Jina hakuna. Mwanamke wa sokoni, wabeba ndizi, wahitaji. Miaka zaidi ya 130 imepita tangu zile kadi za Jamaika na bado tunaandika maelezo yale yale.

Kwa hiyo nawaambia mlio na watoto au mtakaolazwa kesho: una haki ya kusema hapana, na sabuni ukapewa vile vile. Ukiona aibu kusema, mwite nesi, sema "sista, sitaki picha". Mimi nitasema kwa niaba yako, na wenzangu wengi watafanya hivyo. Kama unataka kupigwa, sema subiri nijifunge khanga vizuri, niweke kilemba, ndipo upige. Muulize itakwenda wapi.

Maana siyo kwamba watu hawapendi kupigwa picha. Yule Thompson wa Bahamas ana kitabu kingine, Shine, cha mwaka 2015, ambamo anaeleza pia vijana wa Bahamas wanavyofanya siku ya sherehe ya kumaliza shule. Wanafika kwa mbwembwe, magauni yameshonwa kwa miezi, familia na watu wa mtaani wamejipanga pembeni kuangalia, na ile mianga ya kamera kuwaangukia ni sehemu ya sherehe yenyewe. Send-off zetu tupu! Pale mpigwa picha ndiye mwenye shughuli. Amechagua gauni, amechagua mlango wa kuingilia. Tofauti yake na mama wa wodini haihitaji shahada.

Sasa hii nyingine inanihusu mimi na manesi wenzangu, na nikiisimulia koo linakaza.

Kuna mpiga picha anaitwa Vanley Burke, alizaliwa Jamaika mwaka 1951. Akiwa mdogo, mama yake aliondoka kwenda Uingereza kusomea uuguzi, akamwacha kwa babu na bibi. Miaka ile hospitali za Uingereza zilikuwa zinahitaji watu sana na wanawake wengi wa Karibi walikwenda. Mtoto alipofikisha miaka 10, mama akamtumia zawadi kutoka huko: kamera, zile Kodak za bei ndogo. Mwaka 1965 mtoto akamfuata, akafikia Handsworth, Birmingham. Akaanza kupiga watu wake wa Karibi waliohamia pale, na hakuacha mpaka leo. Kanisani, harusini, msibani, watoto wakicheza bustanini. Picha yake moja ya mwaka 1970 inajulikana sana, kijana mdogo bustanini na baiskeli yenye bendera ya Uingereza. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa na maktaba ya jiji la Birmingham.

Mimi huwa namfikiria yule mama. Yuko ugenini, baridi, anageuza wagonjwa wasioweza kutamka jina lake, na mtoto wake yuko upande wa pili wa bahari. Hajui anapoteza siku zipi. Kati ya vitu vyote vya dukani akachagua kamera. Sijui aliwaza nini moyoni na sitajifanya najua. Ila mama yeyote aliyewahi kuishi kwa kutumiwa picha za mtoto wake anaweza kukisia. Manesi wangapi wa kwetu na wa Kenya wako nje sasa hivi? Dada zetu wangapi wako Oman na Dubai wanalea watoto wa watu, wa kwao wako kwa bibi? Usiku wanafungua simu, wanachotaka kuona siyo keki ya birthday. Wanataka kuona mtoto anakula nini. Amevaa viatu gani. Meno yameota mangapi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema picha za maisha ya kawaida hazina maana mpaka ziwe na tukio. Kwa aliye mbali, kawaida ndiyo tukio.

Mwaka 2019 jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, Kanada, lilipata mkusanyiko wa picha za zamani za Karibi zaidi ya 3,500, za kuanzia miaka ya 1840 hadi 1940 hivi. Pesa za kuzinunua zilichangwa, na wengi waliochanga ni watu weusi na wenye asili ya Karibi wanaoishi pale. Sisi tunachanga harusi, tunachanga msiba, tunachanga ada. Hawa walichanga ili kuwa nazo karibu nyuso za watu ambao wengi hawajulikani majina. Kama familia imetandika mkeka kumsubiri ndugu asiyejulikana ni nani hasa. Mume wangu nilipomweleza hili hakusema "nusu".

Wa mwisho ni mwanamke wa rika letu, Nadia Huggins. Alizaliwa Trinidad mwaka 1984, akakulia Saint Vincent na Grenadini, na huko ndiko anakofanya kazi. Kupiga picha alijifundisha mwenyewe. Ana mfululizo wa picha unaitwa Circa No Future, wa vijana wa kiume wakiruka kwenye mawe na kuzama baharini. Yeye anaingia majini pamoja nao. Bahari ile ile ya kwenye matangazo, lakini safari hii ina wenyewe.

Mwenye mtoto wa kiume aziangalie taratibu. Juu ya jiwe kijana amejaa kifua, anajionyesha kwa wenzake. Anaruka. Akishaingia majini uso unalegea, mapovu yanamfunika, macho yamefumbwa, anarudi kuwa mtoto. Ni sekunde chache kabla hajaibuka na kuvaa tena ile sura ya kiume. Wa kwangu ana miaka tisa na tayari ameshajifunza kufuta machozi haraka kabla baba hajaona, na baba mwenyewe hajawahi kumkataza kulia. Sijui wanajifunzia wapi. Ile sura ya chini ya maji mimi huwa naiona wodini, kijana wa miaka kumi na saba anapoamka baada ya dawa ya usingizi na kuuliza mama yuko wapi. Picha kama ile haiwezi kupigwa na mtu aliyeshuka melini asubuhi akaondoka jioni. Lazima wale vijana wawe wamekuzoea mpaka wakusahau.

Maktaba ya Bunge ya Marekani imeweka picha za Delano za 1941 na 1942 mtandaoni, unaangalia bure. Andika jina lake na Puerto Rico. Kifurushi cha usiku kinatosha kabisa. Mkikutana na mwanamke amekaa na majani ya tumbaku mapajani, muangalieni mikono kwanza, kisha mnieleze mmeona nini.

Jumatano ni kunyonya upande mmoja. Njooni na mto wa kuegemeza mkono.